Karani wa Ndimi na Mwanarafa

Sogeeni, wajukuu, asije mtu akasema hakusikia. Tuko pamoja? Haya.

Kale ile ya kale, dunia ilipokuwa bado haina haraka, palikuwa na mji wenye karani wa kila kitu. Karani wa kuku, karani wa mvua, na Karani wa Ndimi, aliyekuja kila mwaka na punda na daftari kupima watoto wa miaka sita. Mtoto alitakiwa kusema: radhi, heri, baraka. Akiweza, aliandikwa "anaweza," akaingia chuoni na wenziwe. Akishindwa, aliandikwa "bado," akakaa mwaka mzima na watoto wanaotambaa.

Basi mtoto mmoja wa miaka sita, Mwanarafa, alipojaribu maneno hayo kabla ya siku ya kupimwa, alisema, "Ladhi, heli, balaka."

"Utasoma na vichanga!" wenziwe wakamcheka. Akalia.

Bibi yake, Bi Shehe, akamwambia, "Sauti huota kwa zamu kama meno, mjukuu wangu. Yako iko njiani."

Akampaka asali juu ya mdomo: lamba! Pembe ya kushoto: lamba! Pembe ya kulia: lamba! Nyuma ya meno ya juu: lamba, na kidevu kisisogee! Kila siku lamba, kila siku kicheko. (Na ninyi msiguse asali ya mama zenu. Nawaona.)

Siku ikafika. Karani akachovya kalamu. "Sema!"

Mwanarafa akaitazama kalamu, ulimi ukaganda. "Ladhi..."

"Bado," karani akaandika, akaweka daftari chini wino ukauke.

"Bwana karani, jana alisema vizuri," Bi Shehe akalalamika.

"Bibi, daftari langu halina safu ya jana."

Mara Mwanarafa akapiga kelele: "Karani! Karani! Punda anatafuna karatasi!"

Kweli, ukurasa ulishaingia nusu. Karani akavuta, punda akavuta. Karani akapata kipande. Jina la Mwanarafa likashuka tumboni.

"Umemsikia?" Bi Shehe akauliza kwa upole.

"Kanuni inataka maneno matatu."

"Karani, karani, karatasi. Mangapi hayo?"

Karani akakuna kichwa, akafungua ukurasa mpya, akaandika: "Anaweza." Mwanarafa akakimbilia chuoni bila kuaga.

Basi wanangu, ulimi haufundishwi kwa kukodolewa macho. Upeni kazi, upeni mchezo, na msimcheke mwenzenu ambaye sauti yake haijafika.

Kisa nimekitua hapa. Anayekipenda akibebe, asiyekipenda ampishe mwenziwe.