Adhuhuri Mbili za Haidari bin Wasili

Katika enzi ya Sultani Mudhafari, aliyetawala Dameski yenye bustani na chemchemi, alikuwako mfanyabiashara wa hariri aitwaye Haidari bin Wasili, naye alimposa Nurulaini, binti Sultani, na Sultani akaridhia kwa sharti moja: aende Samarkandi kwa msafara, na arejee kabla ya adhana ya adhuhuri ya Alhamisi ya kwanza ya Rajabu, akikawia, binti ataozwa Waziri Kaimazi.

Haidari akaenda, na theluji ikafunga njia za milimani, na Alhamisi ile ikamkuta angali Samarkandi. Akasali adhuhuri msikitini, akatoka akilia, kwani alijua ahadi imekwisha. Sokoni akamwona hudihudi amefungwa mguu, amechoka kupapatika, akamhurumia, akamnunua na kumkata kamba. Papo hapo ndege akawa jini mrefu kama mnara, akainama na kusema, "Mimi ni Barkuani. Umenifungua, basi niamuru."

"Nipeleke Dameski. Nimekwisha kuchelewa, lakini nataka nimwombe radhi Nurulaini kwa kinywa changu."

"Msafara huenda miezi mitano kwa kuzunguka milima na kutafuta visima," akasema jini. "Mimi huenda moja kwa moja kama jicho litazamavyo. Chungu cha pilau hakitaiva kabla hatujafika."

Akampakia begani, akaruka, na Haidari akaona jambo lililomvuruga akili: jua lililokuwa limekwisha kupinduka likarudi juu, na vivuli vya milima vilivyoelekea mashariki vikajikunja, vikageukia magharibi.

"Ewe Barkuani, tunakwenda mbele au tunarudi jana?"

Jini akacheka, akazidi mbio.

Wakatua uani mwa kasri, na Waziri Kaimazi alikuwa amekwisha kuvaa joho la harusi. Haidari akaanguka miguuni pa Sultani. "Maulana, nimevunja sharti. Adhuhuri ya leo nimeisali Samarkandi."

Sultani akalitazama jua, akamtazama Haidari, akalitazama jua tena. "Adhuhuri gani? Muadhini hata mnarani hajapanda!"

"Nimeisali, Maulana, rakaa zote nne."

"Mwongo!" akafoka Waziri. "Na asemaye uongo mbele ya kiti chako hukatwa kichwa."

Sultani akashika ndevu zake, asijue amwamini nani. Na Haidari mwenyewe akaanza kushuku kama alisali au aliota. Aliona wazi kwamba akisema ametania ataokoka na mke atampata, lakini hakubadili neno.

Ndipo Nurulaini akasema nyuma ya pazia, "Baba, jua hutoka wapi?"

"Mashariki, mwanangu."

"Na Samarkandi iko wapi?"

"Mashariki."

"Basi wenzetu wa huko hulipata kabla yetu, na adhuhuri yao hutangulia yetu. Huyu amelipita jua njiani. Nawe ulitoa sharti kwa adhuhuri ya Dameski."

Alipokwisha kusema, adhana ikapaa kutoka mnarani.

"Wallahi, sijaelewa hata nusu," akasema Sultani. "Lakini mtu anayeshika ukweli unaomnyang'anya mke na kichwa, huyo nampa mwanangu."

Waziri akavua joho, na Haidari akaozwa siku hiyo hiyo, akapewa kasri na bustani za mikomamanga. Hata uzeeni alikuwa akimwomba mkewe amweleze tena habari ya jua, naye humweleza, na yeye huitikia kwa kichwa bila kufahamu. Nanyi mliosikiliza, semeni lililo kweli hata pale akili zenu zinaposhindwa kulielewa, na Mola atawajaalia wa kuwaelewa.