Figa Dogo la Siwatu

Itikieni, la sivyo hadithi naimeza!

Siwatu alitawala mji uliobanwa kati ya mazimwi mawili, la mlimani na la ziwani. Kila zimwi lilimpa figa la uchawi. Siwatu akaongeza figa dogo la bibi yake, akainjika chungu kisichoisha uji. Mji ukala, mazimwi yakala.

Siku moja la mlimani likanguruma, "Tupa figa la mwenzangu, au nameza mji!"

La ziwani likanguruma, "Tupa la yule, au nameza mji!"

"Kuleni kwanza, wageni wangu," akasema Siwatu.

Yakakataa. Yakamjia pamoja, vinywa wazi, akina mama wakawafunika watoto kwa kanga.

Siwatu akainama, akachomoa figa lake mwenyewe. Chungu kikapinduka, uji wote chini!

Mazimwi yakakiinjika kwa mafiga mawili, kikaanguka. Yakaleta jiwe la mtoni, likapasuka motoni. Yakaleta la mlimani, likapasuka. Njaa ikayashika.

"Mama," yakanong'ona, "turudishie kile kijiwe."

"Na figa la nani litupwe?"

Yakatazamana. "Hakuna, mama."

Akalirudisha. Mpaka leo mazimwi hunguruma, lakini kwanza hutazama mkono wa Siwatu uko wapi.

Yangu imeiva, pakueni.