Mama Kanga na Orodha ya Mayai

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmekula mihogo mibichi? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, sasa mko hai.

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na kompyuta na binadamu bado anahesabu kwa vidole. Mama Kanga alikuwa katibu wa ndege wote. Kwenye kompyuta yake ya nyumbani aliandika kila yai limefichwa wapi.

Na nje ya ua alizunguka Nguchiro, mla mayai. Mara kushoto, mara kulia. Mama Kanga hakai, halali, chai haimalizi.

Akamwita Kakakuona, fundi wa kompyuta.

"Nywila yako ni ipi, mama?"

"Karibu."

"Ahsante, nimeshakaribia. Nauliza nywila."

"Si ndiyo hiyo, baba! Karibu!"

Fundi akajishika kichwa. "Mama, hebu tazama mgongo wangu. Gamba juu ya gamba. Jino likipenya la kwanza, linakutana na la pili."

Akaweka nywila mpya, ndefu kama reli. Akaweka programu ya kukamata virusi. Akaweka namba ya siri, inayoingia kwenye simu ya Mama Kanga kila kompyuta inapofunguliwa. Mwisho akaweka king'ora: mgeni akiingia, simu inalia.

Mama Kanga akacheka. "Milango minne, nyumba moja! Fundi, unauza mbao?"

Siku ya kwanza, Nguchiro akajaribu kuifungua kompyuta ile akiwa kwake. Akaandika "karibu". Kompyuta ikamjibu: "Sikujui."

Siku ya pili, akatuma barua pepe: "Picha za harusi ya Kwale." Mama Kanga akafungua mbio mbio, kwa harusi hajambo! Lo, ndani mna virusi. Programu ikavikamata shingoni.

Siku ya tatu, simu ikaita.

"Shikamoo, mama yangu mzazi."

"Marahaba, mwanangu!"

"Fundi Kakakuona amenituma nikague kazi. Nisomee nywila, na namba itakayoingia sasa hivi."

Mama Kanga akasita. Lakini kijana mwenye adabu hivi, umnyime? Akasoma. Herufi kwa herufi, namba kwa namba!

Nguchiro akaingia. Orodha yote ikawa yake.

Ngriiii! King'ora kikalia. "Mgeni ameingia!"

"Uwiii! Mwizi! Nimemfungulia mwenyewe! Hamisheni mayai!"

Ndege wakaruka, wakabeba, wakahamisha. Nguchiro akafika kiota cha kwanza: majani. Cha pili: majani. Cha tatu: midomo mia! Wakamdonoa mpaka mkia ukawa kama brashi ya choo.

Mama Kanga akahesabu mayai huku analia. Hakuna hata moja lililopungua.

"Nisamehe, fundi. Nilikucheka."

"Cheka tu, mama. Nilijua utakosea. Wote tunakosea. Ndiyo maana sikukuwekea gamba moja."

Tangu siku hiyo, jani likianguka tu, kanga anapiga kelele mtaa mzima.

Basi jamani, kitu cha thamani usikilinde kwa kinga moja. Na namba ya siri iliyokuja kwako, hata uamkiwe kwa magoti, usimsomee mtu.

Ngano yangu imechoka kusimama, nami nimeikalia. Anayeitaka, aje aniinue!