Viti vya Mstari wa Mbele

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini, bali zamani ya juzi juzi hii ya ndege na kamera, palikuwa na mgane mmoja wa Magila, karibu na Muheza. Jina lake Hilari Semkiwa. Mkewe Skolastika alipofariki, Hilari aliacha kupokea wageni, kisha akaacha kujibu salamu, mwisho akawa anazungumza na redio tu. Binti yake Blandina akaona hapana, baba anajizika mzima. Akamkatia tiketi, akampa na kamera, ile ya kutoa picha papo hapo, picha moja isiyo na nakala.

"Nenda George Town, kisiwa cha Penang, kule mashariki ya mbali," akamwambia. "Mama aliutamani mji ule tangu auone kwenye kalenda. Mahekalu hata mimi nimeyaona kwenye kalenda hiyo hiyo, baba. Niletee picha moja, wewe na mtu uliyekuwa naye. Ukirudi na picha za mabakuli, nitajua bado hujatoka ndani."

Hilari akaenda.

Akafika kwenye kibanda cha tambi za kukaanga, tambi za kamba na kome. Akapiga picha bakuli. Akala. Hakuna aliyemuuliza jina. Akaingia hekalu la Wachina, majoka juu ya paa, udi unafuka. Akapiga picha joka. Akatoka. Hakuna aliyemuuliza jina. Akaenda hekalu la Wahindi, akavua viatu, akapiga picha mnara wake wa rangi, akavaa viatu. Hakuna aliyemuuliza jina. Akanunua barafu ya kusaga yenye tui na sukari nyeusi, akaketi peke yake kwenye meza ya watu wanne. Kijana mmoja akaja: "Kiti hiki kina mtu?" Hilari akachangamka. "Hakina, karibu." Kijana akakinyanyua kiti, akaenda nacho kwa wenzake.

Karatasi za kamera zikapungua, ikabaki moja. Hiyo akaiwekea kiapo: joka halitaipata, wala bakuli.

Alasiri moja akasikia ngoma na matoazi. Mbele ya hekalu dogo la mtaani palikuwa na jukwaa, na waigizaji waliopakwa rangi nyusoni wakiimba. Watu walijaa, wengine wima. Lakini mstari wa mbele wote, viti vyekundu, ulikuwa mtupu. Hilari akawaza, pengine ni vya wageni, na mimi ni mgeni. Akaketi katikati.

Hakujua kwamba mwezi ule, kwa Wachina wa pale, ni mwezi wa wafu, na hasa wafu wasio na jamaa wa kuwakumbuka. Hutengewa chakula, huchezewa ngoma, na mstari wa mbele ni wao. Aliye hai haketi hapo.

Mtunza hekalu, Khoo Teik Beng, alikuwa akipita na vikombe vya chai, kiti kwa kiti. Alipomfikia Hilari akasita. Akamtazama usoni. Kisha akaweka kikombe, akainamisha kichwa, akapita. Hilari akanywa. Ilikuwa chai ya kwanza aliyopewa mjini mle bila kuomba, na machozi yakamlenga.

Nyuma watu wakaanza kunong'ona na kunyoosha vidole. Muniandy, Mhindi muuza mashada ya maua, akaviona vidole vile. Akaja akaketi kiti cha pembeni yake. Akafungua karatasi ya bajia, akaisogeza kati yao. Wakala.

Ndipo akaja mbio Bibi Ooi Siew Lan, yule mwenye kibanda cha tambi, mwiko ungali mkononi.

"Anko! Inuka! Unataka kufa?" Akamvuta mkono mbele ya umati wote. "Jina lako nani?"

"Hilari Semkiwa."

"Ondoka hapo, Hilari, wakishakuzoea hawatakuacha urudi kwenu!" Akawasha udi, akavigeukia vile viti vyekundu. "Huyu ni Hilari. Si wenu. Mwacheni."

Akawachukua wote watatu, Hilari, Muniandy na Khoo, hadi kibandani kwake, akawakaangia tambi. Wakaongea Kiingereza, kwani wote walifundishwa na Mwingereza yule yule. Hilari akatoa kamera, akawaeleza habari ya Blandina.

"Basi tupigwe wote," akasema Muniandy.

"Wanne?" Bibi Ooi akaruka. "Nne ni namba ya kifo. Leo kimechezewa vya kutosha."

"Watatu, basi."

"Wa katikati hutangulia kaburini!"

"Dada, kwenu hata kupiga chafya kuna namba."

"Ndiyo maana bado tunapiga chafya. Hilari na mtu mmoja. Na mtu huyo ni mimi. Mlimwona wote, nani alimgusa? Nani alimuuliza jina?"

"Ulimtoa kwa kumfedhehesha," akajibu Muniandy. "Mimi niliketi naye. Na binti anamtaka mtu aliyekuwa naye. Pale mbele alikuwa na nani?"

"Wewe huamini mambo yale. Umehatarisha nini?"

"Wateja wangu ni Wachina, dada. Kesho nani atanunua shada kwa mtu aliyeketi na wafu?"

Bibi Ooi akageuza tambi karaini. Kisha akamgeukia Khoo. "Na wewe uliyejua kuliko sisi sote?"

"Nilijua," akasema Khoo. "Nilitaka kumwinua. Nikamtazama. Miaka yote ninaandaa viti vile, sijaona mtu aliyeketi pale kama amefika kwake. Nikajiuliza, nikimwinua hapa, nimpeleke wapi?"

"Ukamfanya maiti!"

"Nilimfanya mgeni. Mji mzima, pale ndipo palipoandaliwa kwa asiye na mtu."

Hilari alimtazama aliyemtoa, akamtazama aliyeketi naye, akamtazama aliyemwona akamwacha. Kisha akachukua vigoda viwili, akavipanga bega kwa bega mbele ya karai. Akaketi kimoja. Kile cha pili akakipangusa kwa kiganja, akangoja.

Nanyi mlionisikiliza, msiondoke bado. Karatasi ni moja, na kigoda hakina mtu. Je, nani alistahili kukikalia?