Mke Aliyeshika Hamsini

Sogeeni mbele kidogo, viti vipo. Na ninyi mnaochungulia simu huko nyuma, nina swali litakalowahitaji: mtu anaweza kupotea baharini kwa sababu ametii? Msinijibu sasa. Sikilizeni kwanza.

Walikuwepo mume na mke, watu wazima, wenye boti yao ndogo ya tanga. Binti yao Yusta alikuwa ameolewa kisiwa cha mbali, safari ya siku kadhaa bila kuona nchi kavu, na alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Wakapakia maji, mchele na nguo za mtoto, wakaondoka. Kisiwa chenyewe kiko chini, hakina kilima, mchanga na minazi tu. Ukipita mbali kidogo hukioni, na ukikikosa, mbele yake ni maji mpaka uchoke. Vijana mtauliza, kwani hawakuwa na simu yenye ramani? Walikuwa nayo. Siku ya kwanza tu iliingia maji ya chumvi, ikazima. Wakabaki na dira.

Waliendesha kwa zamu; mmoja akishika usukani, mwenzake analala. Na kila mume alipokwenda kulala, alimwachia mkewe namba ya kufuata kwenye dira. Sasa hapa pana jambo la ajabu. Njia ya kweli ilikuwa sitini, lakini bwana huyu alikuwa akisema, "Mama Yusta, shika hamsini." Kwa nini? Kwa sababu alijua, kwa miaka yote waliyosafiri, kwamba mkewe akipewa namba huongeza kumi. Na mke aliongeza kumi kwa nini? Kwa sababu alijua mumewe hupunguza. Nani alianza? Hata wao hawakumbuki. Hawakuwahi kulizungumza, na boti ilikuwa ikifika salama. Unacheka wewe mama wa kitenge cha kijani, lakini nitafika kwako.

Safari hii kulikuwa na kitu kipya. Kabla ya kuondoka, mke alihudhuria semina ya ndoa. Mhubiri, si mimi, msinitazame hivyo, aliwaambia wake wawaamini waume zao. Likamwingia. Akaweka nadhiri moyoni: safari hii simsahihishi mume wangu. Hakumwambia, alitaka iwe zawadi.

Basi akaambiwa hamsini, akashika hamsini. Mume alipokuja kupokea zamu, akaona sindano iko hamsini. Mnadhani alishtuka? Wala. Alijisemea, "Ameniona nakuja, ameirudisha haraka nisimgombeze." Akageuza taratibu hadi sitini yake, akanyamaza. Mke naye akaiona ile sitini, akajisemea mjuzi ni mume, labda upepo umebadilika. Akanyamaza. Ikawa hivyo zamu kwa zamu.

Siku waliyotarajia kukiona kisiwa, hapakuwa na kisiwa. Kesho yake pia, maji matupu. Maji ya kunywa yakaanza kupimwa kwa kikombe. Mume akaogopa, na mwanamume akiogopa mnajua anavyofanya: akapandisha sauti.

"Mama Yusta, ulikuwa unashika ngapi?"

"Hamsini."

"Hamsini kweli, au hamsini yako?"

"Hamsini uliyonipa, Baba Yusta. Niliahidi mbele za Mungu kwamba safari hii nitakuamini. Sijaipindisha hata kidogo."

Yule mume akakaa chini. Akasema, "Ndiyo maana tumepotea."

"Kwa kukuamini?"

"Kwa kuniamini. Njia ni sitini. Nilikupa hamsini kwa kuwa nilijua hutanisikiliza."

Mwanamke akalia, na si kwa sababu ya kiu. Alilia kwa kuwa mara moja tu katika ndoa yao alimpa mumewe moyo mzima, akajikuta ameshika uongo. Lakini angalau sasa walijua wamekosea kwa kiasi gani na upande gani, wakaweza kukadiria kisiwa wamekiacha wapi. Wakageuza boti. Zamu ya mke ilipofika, mume akamtajia namba mpya. Mke akauliza, "Hiyo ni ya kweli, au ni ya kwangu?" Akajibu, "Ni ya kweli." Akaenda kujilaza, macho wazi, na hakutoka kuchungulia dira.

Walifika na maji kidogo tu yaliyobaki ndani ya pipa. Yusta alikuwa ameshajifungua. Katika uchungu wote alimwita mama yake, na mama hakuwepo.

Sasa sisi. Nani humu anasema neno kama lilivyo? Kadi ya harusi tunaandika saa nane kwa kuwa watu huja saa kumi, na watu huja saa kumi kwa kuwa tunaandika saa nane. Unasema "niko njiani" na sabuni bado iko mwilini. Mke anasema "hakuna shida," na mume anatakiwa ajue shida ipo. Mama wa kitenge, nimefika. Tumezoeana hivyo, mambo yanakwenda, na tunaita hiyo kuelewana. Je, kweli ni kuelewana, au ni kutoaminiana kulikopangwa vizuri?

Itakuwaje siku atakapotokea mtu anayetuamini neno kwa neno? Msidhani yuko mbali, mnaishi naye. Wiki hii kuna mzazi aliyeko humu ndani amemwambia mtoto wake, "Ijumaa nitakuja shuleni kukuchukua mwenyewe." Wewe unajua ulichomaanisha. Ulitaka tu anyamaze, avae viatu. Mtoto hajajifunza bado kupunguza maneno yako. Ijumaa atasimama getini akikusubiri.