Mwenyekiti Aliyefungwa Mbeleko

Kabla sijawaomba sikio, niungame. Mtoto wa mdogo wangu alipotimiza mwaka, nilikabidhiwa sinia la visheti nilitunze mpaka wageni wafike. Wageni walifika wakakuta sinia safi, na aliyelisafisha ni mimi. Mungu aliniona siku ile, na leo nanyi mmenisikia. Basi.

Nipeni sikio.

Sikio hili, ulirudishe zima.

Palikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, hana pembe, hana cha kumtishia mtu. Mungu alimjalia watoto, na baridi ya mawe ikawachukua. Alipopata mwingine akaweka nadhiri. "Ee Mungu, huyu akifika mwaka, kila jirani aliyenisaidia kumfunika atakula kwangu mpaka ashibe."

Mtoto akafika. Akaota vijino, akawa anamchekea kila mtu.

Bi Pimbi akaita majirani wapange sherehe. Kikao kinataka mwenyekiti, na kabla hajachaguliwa mtu, Nyani dume alikuwa ameshakaa mbele. Nani amwambie inuka? Meno yake kama visu vya bucha.

"Mchango wote uletwe kwangu," akasema Nyani.

Kindi akaleta karanga.

"Lazima kamati ionje," akasema Nyani. Katu, katu, katu. Gubu. Zikaisha.

Kobe akaleta ndizi mbivu, alizozikokota tangu alfajiri.

"Lazima kamati ionje." Nyafu, nyafu, nyafu. Gubu. Zikaisha.

Bi Pimbi mwenyewe akaleta viazi vitamu, vya kuchemsha, vya nadhiri.

"Na hivi pia, Mwenyekiti?"

"Dada, wageni wakiumwa tumbo atalaumiwa nani? Lazima kamati ionje." Mofu, mofu, mofu. Gubu. Na maganda yake.

Walipotoka, Kobe akanong'ona, "Shoga, hii kamati yetu ina tumbo moja."

"Nimeona," akasema Bi Pimbi. "Na siku yenyewe atasimama yeye mbele ya vyungu. Nadhiri yangu yote itaingia mle."

Akampapasa mwanawe mgongoni. Hasira hakuwa nayo, alikuwa na hofu. Chakula kile alimwahidi Mungu, si Nyani. Akafikiri mpaka kivuli cha jabali kikahama upande wa pili, kisha akainuka, akaenda kwa Nyani.

"Mwenyekiti, nina shida. Desturi yetu unaijua. Mwenye siku hukaa kiti cha mbele, na kila mgeni humlisha kwa mkono, kila chakula kilichopo. Sasa tumbo la mwanangu halizidi ganda la karanga. Nimwombe nani akae badala yake?"

Nyani akajikuna kifua. "Kila chakula?"

"Kila chakula."

"Nitakaa mimi. Ni kwa ajili ya mtoto, unajua."

"Ila anayekaa kiti cha mtoto huwa ndiye mtoto, mpaka watu watawanyike."

"Hata ukiniita kichanga, dada, nitaitika."

Siku ikafika. Majirani wakaleta tena karanga, ndizi na viazi. Dua ikasomwa, Nyani akiitikia amina kabla haijafika.

"Mwenye siku humwagiwa maji," akasema Bi Pimbi. Pwaa! Nyani akalowa chapachapa.

"Mtoto akilowa hufunikwa." Wakamzungushia kanga, mikono ndani.

"Mtoto akifunikwa hubebwa." Wa kumbeba hakuwapo, wakamfunga mbeleko kwenye jabali, fundo juu ya fundo.

"Mbona mmenibana mikono?" akauliza Nyani.

"Mtoto mdogo hali kwa mkono wake, hulishwa. Fungua kinywa."

Nyani akafungua. Aaa.

Kindi akapita na karanga. "Mtoto wa mwaka hapewi karanga, atapaliwa." Katu, katu, katu, akala mwenyewe.

Kobe akapita na ndizi. "Mtoto hapewi ndizi nyingi, atafunga choo." Nyafu, nyafu, nyafu.

"Na viazi je, dada?" Sauti ya Nyani ilikuwa imeshuka.

"Viazi havijaonjwa na kamati," akasema Bi Pimbi. "Na kamati, naona, ina shughuli."

Akamnywesha kijiko cha uji wa mtama usio na sukari, na wageni wote wakamwimbia alale.

Majirani wakala, wakashiba. Nadhiri ikatimia. Bi Pimbi akamshukuru Mungu, lakini alipomwona Nyani ameinamisha kichwa, maji yakimdondoka puani, furaha yake ikapungua kidogo.

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala mgongoni kwa Kobe muda wote. Sasa akaamka, akashushwa chini. Mama yake akamtilia mkononi kipande cha kiazi alichomwekea, maana mwenye siku naye hulisha mtu mmoja kwa mkono wake, na hiyo ndiyo heshima ambayo kila mgeni aliingojea. Mtoto akatambaa. Akampita mama yake. Akampita Kindi, akampita Kobe. Akafika jabalini, akamtia Nyani kile kiazi kinywani, akacheka.

Nyani alikitafuna polepole, kama mtu anayejifunza kula. Bi Pimbi akaja, akamfungua, fundo baada ya fundo.

Sikio lenu hilo nalirudisha. Likagueni kama lina alama ya jino.

Funzo ni hili: kula vya watoto wa watu. Utaogeshwa, utabebwa, utaimbiwa, na mwisho mwenye siku atakulisha kwa mkono wake, heshima ambayo mama aliyemzaa hakuipata. Wanaosema ulafi hauna faida hawakuwapo pale jabalini.

Na kwa kuwa funzo hilo nimelishika vizuri mno, nina ombi. Hapa karibu na mguu wangu kuna sinia la visheti, na nimekuwa nikilitazama tangu nianze kusimulia. Bi Somoe, tafadhali lichukue, uwapelekee watoto.