Moshi wa Tatu

Hapo zamani, siku ya Alhamisi ya mwezi wa mfungo sita, watu wakitoka kusali alasiri, moshi wa pili uliinuka ng'ambo ya ziwa.

Hadia alikuwa akipepeta mtama, mtoto wake amelala mgongoni. Moshi wa kwanza alikuwa ameuona, akadhani ni harusi, akawa anajiuliza ni nani anaoa. Kisha ukainuka huu wa pili kando ya ule wa kwanza, nao ulitoka pale pale lilipokuwa boma la baba yake, Mzee Msengi. Ungo ukamtoka mikononi.

Watu wa ziwa lile walikuwa na desturi yao. Ziwa lilikuwa la magadi, pana sana, na sauti ya mtu haikuvuka. Kwa hiyo walisemezana kwa moshi. Moshi mmoja ni harusi. Miwili ni mgonjwa aliyelemewa. Mitatu ni msiba, na mtoto akiuona moshi wa tatu kwao, hakuuliza kama njia ipo. Alikwenda.

Kila mwaka, masika yakiisha na kipupwe kikianza kuvuma, maji yalipungua na magadi yakaganda juu ya ziwa, meupe na magumu, hata punda mwenye mzigo akavuka asubuhi moja tu. Lakini mwaka ule kipupwe kilichelewa. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa na manyunyu bado yanaanguka. Ziwa lilishika ngozi juu, na chini yake palikuwa na tope linalomeza.

Mpinga, mume wa Hadia, alichukua kibuyu cha maji na fimbo yake.

"Mama Chiku, mimi nazunguka."

"Twende wote."

"Huko nyikani hakuna maji, nawe unanyonyesha. Maziwa yatakauka, mtoto atatufia njiani. Ngoja ziwa. Pengine litaganda kesho, ukanipita."

"Nikikupita nitakucheka."

"Nicheke tu, mradi ufike."

Akaenda. Hadia akabaki kulingoja ziwa.

Ziwa lilikuwa na mlinzi wake, Mzee Kiula. Hakuna aliyekanyaga ganda kabla yake. Kila alfajiri aliingia peku, akapiga kisigino, akachomoa mguu, akainama kulitazama shimo. Shimo likijaa maji, alirudi. Likibaki kavu, alipiga hatua nyingine. Na kila alfajiri Hadia alimngoja ukingoni, mtoto mgongoni.

"Mzee Kiula, limeganda?"

"Bado, mwanangu. Juu limeshika, chini ni uji."

"Na moshi?"

"Miwili."

"Basi yu hai."

"Yu hai."

Hadia alirudi nyumbani, akasali, akanyoosha mikono: "Ya Rabi, mponye baba yangu." Alfajiri ya pili akaja tena.

"Mzee Kiula, limeganda?"

"Bado, mwanangu. Juu limeshika, chini ni uji."

"Na moshi?"

"Miwili."

"Basi yu hai."

"Yu hai."

Wanawake waliokuja kuchota magadi ya ukingoni kwa ajili ya maharage walimtania mzee. "Mzee Kiula, mwaka huu ziwa lako ni kama uji wa mgonjwa!"

"Basi mgonjwa aunywe," akawajibu, "lakini asiukanyage."

Wakacheka. Hadia hakucheka. Siku moja alijifunga kanga kiunoni, akapita mbele ya mzee, akatia mguu ndani. Ganda likazama, maji mekundu yakampanda hadi gotini. Mzee Kiula akamvuta kwa kanga, akamwangusha ukingoni kama mzigo, mtoto akalia.

"Niache! Wewe huna mzazi?"

"Nilikuwa na kaka," akasema Mzee Kiula. "Alikuwa na haraka. Yumo humu."

Hadia akajipangusa tope, akambembeleza mtoto. Tangu siku hiyo alimchukia mzee yule, hata kumwamkia akawa anamwamkia kwa shida. Lakini alfajiri alikuja, na alfajiri aliuliza, na jibu lilikuwa lile lile. Nyumbani aliomba dua ile ile: "Ya Rabi, mponye baba yangu."

Hatimaye upepo ukageuka. Kipupwe kikavuma mchana kutwa, midomo ikapasuka, ngozi ikawa nyeupe kwa ukavu. Watu wakajifunika, wakashukuru. Alfajiri iliyofuata Mzee Kiula aliingia ziwani akapotea machoni. Aliporudi, mkononi alikuwa na kipande cha ganda kutoka katikati ya ziwa. Akakigonga kwa kidole. Kililia kama chungu kipya.

"Mzee Kiula, limeganda?"

"Limeganda, mwanangu."

"Na moshi?"

"Miwili."

"Basi yu hai."

"Twende."

Wakavuka, mzee mbele, Hadia akikanyaga pale pale alipokanyaga mzee. Mbele yao mioshi miwili ilikuwa imesimama, na Hadia hakuiondolea macho mpaka walipofika nchi kavu.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mpinga, ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa. Nyuma ya boma palikuwa na kaburi limewekewa miiba ili fisi wasilifukue. Udongo wake ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka.

Hadia alilitazama kaburi. Akaitazama mioto miwili. Katikati ya mioto alikuwa amechuchumaa Bi Mwasiti, mke wa pili wa baba yake, akitia kuni mbichi ili moshi uwe mzito. Hawa wawili hawakuwahi kupatana. Hadia alipoolewa ng'ambo, watu walisema Bi Mwasiti ndiye aliyefurahi kuliko bwana harusi.

"Mama mdogo, huu moshi ni wa nani?"

"Ni wako, mwanangu."

"Baba yuko wapi?"

"Umemwona aliko."

"Tangu lini?"

"Tangu Mpinga alipofika. Alimkuta hai, akamkuta anaondoka."

Hadia akaketi chini. Kisha akasema taratibu, "Mimi nimekuwa nikimwombea afya. Yeye yuko kaburini, mimi namwombea afya. Hakuna hata mara moja niliyomwombea rehema."

Bi Mwasiti aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na tasbihi ya Mzee Msengi, ile ya mbegu nyeusi iliyolainika kwa vidole vyake. Akaiweka mapajani mwa Hadia.

"Baba yako alisema mbele yangu na Mpinga: tasbihi hii apewe aliyenifikishia mwanangu. Wewe ndiye wa kuitoa."

Mpinga akakohoa. "Mke wangu, sitaki kugombea kitu cha marehemu. Lakini niliyemfikishia ni mimi. Nilipita nyikani, nikala majani. Nilipofika macho yake yalikuwa hayaoni. Alinishika mkono akasema, 'Hadia, umekuja?' Nikanyamaza. Akasema, 'Alhamdulillahi, amekuja.' Akafa ameushika mkono wangu akijua ni wako. Nikamwosha, nikamvika sanda, nikashuka naye kaburini. Yeye aliondoka akiamini mwanawe kafika. Ni nani mwingine aliyempa hilo?"

"Ulimpa mkono wa uongo," akasema Mzee Kiula.

"Nilinyamaza, mzee. Sikusema uongo."

"Haya. Mimi mwenzako nilisema. Kila alfajiri nilisema bado, naye akanichukia, na bado nikasema bado. Mkononi mwangu huyu binti aliponyoka mara moja tu, nikamvuta. Marehemu hakusema aliyenifikishia mkono. Alisema mwanangu. Mwanawe ndiye huyu hapa, na mjukuu wake mgongoni, wote wazima. Nani amewaleta?"

"Ziwa limewaleta," akasema Mpinga. "Wewe umetembea mbele tu."

"Basi mwaka kesho tembea mbele wewe."

Bi Mwasiti alikuwa amerudi kwenye mioto yake, anaizima kwa mchanga, mmoja baada ya mwingine. Alisema bila kugeuka.

"Mpinga alitaka niwashe wa tatu. Ndiyo desturi, na kuni zilikuwepo. Nikasimama kati yake na kuni. Namjua huyu mtoto. Nimemlea, ingawa hakunipenda. Angeuona moshi wa tatu, hakuna Kiula angemshika. Angeingia ziwani na Chiku mgongoni. Nikaiacha miwili. Kila siku nilikata kuni, nikawasha uongo, watu wa boma hili wakinitazama kama mchawi. Marehemu hajawashiwa moshi wake hadi leo. Kama ni dhambi, iko shingoni mwangu. Lakini bila dhambi hiyo, tasbihi ingekosa wa kuitoa."

"Ungeniambia, mama mdogo," akasema Hadia, "ningemswalia kule kule."

"Ungeswali ukiwa wapi, mwanangu? Ukingoni, au chini ya tope?"

Hadia alimfunga Chiku vizuri mgongoni. Aliinuka, akakusanya kuni mwenyewe, akawasha mioto mitatu, na ng'ambo ya pili watu wakaacha kazi zao wakaitazama. Kisha akageuka, tasbihi mkononi. Mbele yake walikuwa wamesimama watatu. Mmoja alimdanganya baba yake kwa kunyamaza, naye akafa ametulia. Mmoja alimwambia Hadia kweli, nayo ikamchelewesha asimkute baba yake. Mmoja alimdanganya yeye kwa moshi, naye akaishi.

Ninyi mnaonisikiliza, mna wazazi, na wengine wenu mmeshawazika. Je, nani alistahili tasbihi ile?

Msiharakishe kujibu. Na wakati mnafikiri, tuombe pamoja: Ewe Mola, mrehemu Mzee Msengi na wote waliotutangulia. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru. Na dua tulizowaombea za afya, nao wamekwisha kufika kwako, zipokee uwape ziwe rehema. Amina.